Vijiti Vimejaa, Kwizi Haifunguki

Jumatano ya wiki ya sita ya muhula huu tulikuwa ukumbini watu zaidi ya 600, tumebanana mpaka kwenye ngazi, kila mtu kainamia simu yake. Saa 4:00 kamili asubuhi kwizi ikafunguliwa mtandaoni. Maswali 20, dakika 20, kila swali na ukurasa wake na mchoro wake. Mimi swali la kwanza nililiona saa 4:03. La pili saa 4:06. Muda ulipokata nilikuwa nimejibu maswali 6, na nashukuru Mungu, maana dada aliyekaa mbele yangu alijibu mawili tu, tena moja halikupokelewa.

Kwizi ile ina alama 10 kati ya zile 40 za ndani ya muhula. Mwenye hesabu zake anajua hapo tunaongelea nini. Tunaongelea sapu.

CR wetu akaenda ofisini kwa mwalimu siku hiyo hiyo. Mwalimu alimsikiliza vizuri, kisha akamwomba amwoneshe simu yake. CR akaitoa. Pale juu kwenye kioo vijiti vyote vinne vimejaa. Mwalimu akauliza: "Sasa kijana, mtandao si huu hapa umejaa? Kilichokosekana ni nini kama siyo kusoma?" CR akakosa la kusema, akaaga.

Sina ugomvi na mwalimu. Swali lake ni la haki, na nina hakika hata nusu yetu tuliokuwa ukumbini tungejibu vile vile. Ila mimi nasoma ualimu wa fizikia na hisabati, na swali lile limenikalia kooni wiki nzima. Maana mwaka jana nilipokuwa field, kwenye kijiji kimoja mkoani Singida, simu yangu ilikuwa na kijiti kimoja, tena cha kuomba, na bado nilituma kazi zangu zote chuoni bila shida. Kijiti kimoja kinatuma, vinne havitumi. Lazima kuwe na maelezo, na maelezo yapo.

Tuanze mbali kidogo, huko simu za mkononi zilikotoka.

Tarehe 17 Juni 1946, mjini St. Louis kule Marekani, kampuni ya AT&T ilizindua huduma ya simu za kwenye magari. Akili ya wakati ule ilikuwa rahisi: jenga mnara mmoja mrefu, uupe nguvu kubwa, uufunike mji mzima. Ni akili ya kituo cha redio. Na kwa redio inafaa, kwa sababu redio inasema jambo moja kwa watu wote. Simu ni kinyume chake. Kila mtu ana maongezi yake, na kila maongezi yanadai njia yake hewani, yaani masafa yake. Ukishayagawa masafa uliyonayo yakaisha, anayefuata anasubiri. Hata miaka ya 1970, mfumo wa namna hii katika jiji la New York uliweza kubeba simu 12 tu kwa wakati mmoja. Jiji zima. Mtu wa 13 alikuwa anasikiliza mlio wa kuambiwa hakuna nafasi, na mnara anauona kwa macho yake.

Tatizo ni kwamba masafa hayaongezeki. Hewa hii moja inagawanywa kwa redio, televisheni, ndege, meli, jeshi, satelaiti na simu. Kwetu mgawaji ni TCRA. Kampuni ya simu inapewa kipande chake, au inakinunua kwenye mnada, na hapo ndipo mwisho. Haiwezi kwenda kiwandani kuagiza mengine.

Mnamo Desemba 1947 mhandisi wa Bell Labs aitwaye Douglas Ring aliandika waraka wa ndani, akisaidiwa na mwenzake Rae Young, wenye wazo ambalo mpaka leo ndilo linalobeba simu yako na yangu. Badala ya mnara mmoja mrefu, jenga mingi mifupi yenye nguvu ndogo. Ugawe mji katika vieneo vidogo vidogo, kila kimoja na mnara wake. Vieneo hivyo ndivyo vinavyoitwa seli. Halafu, na hapa ndipo penye utamu, masafa uliyoyatumia kwenye seli hii yatumie tena kwenye seli nyingine iliyo mbali ya kutosha, ambako sauti ya hii haifiki.

Kule field nililazimika kulifundisha jambo hili kidato cha tatu, na mfano niliupata bure. Shule ile madarasa yake hayana dari. Kuta zinaishia juu kidogo ya mlango, kisha ni bati. Mwalimu wa Kiswahili akiwaimbisha wanafunzi ngonjera, darasa la jirani haliwezi kufanya kitu. Mimi nikipaza sauti kufundisha mwendokasi, naye anapaza ya kwake, mwisho wa kipindi wote tumekauka makoo. Mwalimu wa taaluma, mzee mmoja mtulivu sana, alikuwa amelitatua jambo hili kwenye ratiba kabla sijafika. Vipindi vya kelele alivitenganisha. Ngonjera darasa la kwanza kushoto, kwaya darasa la mwisho kulia, katikati watu wanaandika. Wote wawili wanapiga kelele saa ile ile, shule ile ile, na hakuna anayemsumbua mwenzake kwa sababu katikati kuna umbali. Yule mzee alikuwa anatumia masafa upya bila kulijua hilo jina.

Basi nikawapa wanafunzi karatasi, wakachora pembesita zilizoshikana kama sega la nyuki. Kwa nini pembesita? Eneo la mnara kwa asili linakaribia duara, lakini maduara ukiyapanga yanaacha mapengo au yanapandana. Maumbo yanayofanana pande zote yanayoweza kufunika uwanja bila pengo ni matatu tu: pembetatu, mraba na pembesita. Ukichukua yote matatu yenye umbali ule ule R kutoka katikati hadi kwenye kona, pembetatu inafunika kama 1.3R², mraba 2R², pembesita karibu 2.6R². Kwa hiyo pembesita inafunika eneo kubwa zaidi kwa mnara ule ule. Bila shaka ardhini hakuna pembesita. Kuna vilima, maghorofa na miembe, na seli halisi ina umbo la doa la chai lililomwagika. Pembesita ni ya kupangia tu.

Kisha nikawaambia wapake rangi, kila rangi ni kundi la masafa, na majirani wasifanane. Wakagundua wenyewe kwamba rangi 3 zinatosha. Nikawauliza, zinatosha kwa nini? Kwa majirani kutogusana, sawa. Lakini sauti inavuka jirani mmoja ikafika kwa wa pili. Ukitumia rangi 3, umbali kati ya seli mbili zenye rangi moja ni mara 3 ya R. Ukitumia rangi 7, umbali unakuwa mara 4.58 hivi, kwa kanuni ya D = R√(3N), ambapo N ni idadi ya rangi. Simu za kwanza za analogi kule Marekani, zile zilizoanza kibiashara Chicago mwaka 1983, zilipangwa kwa makundi 7 kwa sababu zilikuwa hazivumilii kelele. Ila kila kitu kina bei. Rangi zikiongezeka, kila seli inabaki na kipande kidogo zaidi cha masafa. Utulivu unaulipia kwa nafasi.

Mwanafunzi mmoja wa nyuma kabisa, binti ambaye kwa wiki mbili hakuwa amefungua mdomo, akauliza: "Sir, seli zikijaa watu inakuwaje?" Nakumbuka nilifurahi mpaka nikakaa juu ya meza. Jibu lake ndilo jibu la kwizi yetu.

Seli zikijaa, unazikata. Ukipunguza R kuwa nusu, eneo la kila seli linakuwa robo, kwa hiyo mahali palipokuwa na seli 1 sasa panaingia 4, na kila moja inatumia masafa yale yale. Umeongeza uwezo mara 4 bila kununua hata hezi moja. Ndiyo maana Kariakoo minara iko karibu karibu, mingine midogo imebandikwa juu ya maghorofa huioni, wakati kule Singida unasafiri na bodaboda mpaka unachoka kabla ya kukutana na mnara wa pili. Watu wanadhani minara mingi mjini ni kwa sababu mawimbi hayafiki. Mara nyingi yanafika sana, mpaka yanapigana. Minara mingi ni kwa sababu ya watu wengi. Na kila ikiongezeka inabidi ipunguzwe nguvu na antena ziinamishwe chini, isije ikapiga kelele kwenye seli ya mwenzake. Mnara wa mjini ukiupa nguvu kubwa unaharibu mtaa mzima.

Njia nyingine ya kukata ni sekta. Utazame mnara wowote ulio karibu nawe, utaona antena ndefu bapa zimeelekea pande tatu. Kila upande unahudumia nyuzi 120, na kwa mtandao kila upande ni seli inayojitegemea. Mnara mmoja, seli tatu. Kwa hiyo ukumbi wetu, pamoja na hosteli zilizo nyuma yake, inawezekana kabisa uko ndani ya sekta moja ya mnara mmoja.

Hapa nirudi kwenye vijiti vya CR.

Vijiti vinapima kitu kimoja tu: mnara unasikika kwa nguvu kiasi gani. Mnara wa 4G muda wote, usiku na mchana, unarusha ishara za utambulisho ambazo simu inazipima, na kila kiwanda cha simu kinachora vijiti kwa kipimo chake. Ishara hizo zinarushwa hata kama hakuna mtu anayetumia, na zinarushwa hata kama mnara umeelemewa. Hazisemi lolote kuhusu nafasi. Ni kama taa za daladala saa 12 jioni. Unaziona toka mbali, zinawaka vizuri, unajua kabisa gari ni lako. Likifika, kondakta mwenyewe anang'ang'ania mlangoni. Ukimwambia mtu umechelewa kwa sababu ya usafiri, akakujibu "mbona gari nililiona likipita, taa zinawaka?" utamwambia nini?

Sasa nafasi yenyewe ikoje? Kwenye simu za kizazi cha pili, chaneli moja ina upana wa kilohezi 200 na inagawanywa kwa zamu 8, kila simu inapewa kipande cha muda chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, inapokea, inanyamaza, wenzake wanapita, inarudi tena. Haraka mpaka sikio halijui. Zamu zikijaa zimejaa, simu yako inakataliwa. Kizazi cha nne kina ukarimu zaidi lakini ukarimu wake una hila. Hakikukatai. Masafa yamekatwa vipande vyembamba vya kilohezi 180, na kila sehemu moja ya elfu ya sekunde mnara unaamua vipande hivyo apewe nani. Mkiwa 5 mnakula mkashiba. Mkiwa 250 kila mmoja anapewa tonge, kisha anasubiri zamu. Kwenye kioo chako unaona kiduara kinazunguka.

Tupige hesabu ya makadirio, tarakimu ni zangu za mfano. Tuseme katika watu wetu 600, walio kwenye mtandao mmoja na sekta moja ni 250. Tuseme sekta hiyo kwa hali ya kawaida inatoa megabiti 30 kwa sekunde kwa wote. Kila mtu anapata kilobiti 120 kwa sekunde. Ukurasa mmoja wa swali pamoja na mchoro wake tuupe megabaiti 2, ambazo ni megabiti 16, yaani kilobiti 16,000. Gawanya kwa 120, unapata sekunde 133. Dakika mbili na ushei kwa swali moja. Maswali 20 yanataka zaidi ya dakika 44, na hapo hujafikiria jibu, unasubiri tu mchoro. Sisi tulipewa 20.

Na hali halisi ni mbaya kuliko hesabu hiyo, kwa sababu mbili. Ya kwanza, hatukuanza kwa kuchelewesheana. Sote tulibonyeza saa 4:00 kamili. Simu ikitaka kuanza kuzungumza na mnara inabisha hodi, na kwa 4G kuna mitindo 64 tu ya kubisha katika seli. Simu mbili zikibisha kwa mtindo mmoja wakati mmoja, hodi zinagongana na mnara unashindwa kuzitofautisha. Zote zinarudi nyuma, zinasubiri kwa muda wa kubahatisha, zinabisha upya. Sababu ya pili ni wale waliokaa pembeni, chini ya zege la ngazi. Simu inayosikika vibaya inabidi isemeshwe polepole, inakula vipande vingi kwa kazi ile ile ndogo, na vipande hivyo vinatoka kwenye sinia letu sote. Niliokuwa nao nyuma ya nguzo, nawapenda, lakini mlitula.

Kijijini ilikuwa kinyume. Pale kuna jabali moja kubwa nyuma ya shule, watu wanalipanda jioni kupiga simu, na mama wauza maandazi wana nafasi zao kabisa za kukaa, ukikaa kwa mwenyewe unaambiwa. Juu ya jabali unauona mlima ulio na mnara, hakuna kinachokinga. Kijiti kimoja, lakini kwenye seli ile usiku wa manane pengine nilikuwa mimi na mlinzi wa zahanati. Sinia zima letu wawili.

Nyumba niliyopanga yenyewe ilikuwa na mkasa wake. Ilikuwa mpakani, mnara huu unafika kwa taabu na ule unafika kwa taabu. Ukiwa unatembea, au uko ndani ya basi, mtandao unakupokeza kutoka seli hadi seli bila simu kukatika, kama wanariadha wanavyopokezana kijiti. Ila ukikaa palepale mpakani, simu inayumba: mara iende kwa huyu, mara irudi kwa yule, na chaji inaisha kabla ya saa 8 mchana. Nilikuwa nailaumu betri. Nilikuja kuacha simu dirishani upande wa magharibi tu, ikachagua mnara mmoja na kutulia.

Jambo moja zaidi, maana linatuhusu sisi watu wa rika hili. Wengi tunakumbuka jinsi televisheni zilivyozimika. Dar es Salaam ilikuwa tarehe 31 Desemba 2012, nilikuwa mtoto, mwaka mpya tukaukaribisha tukitazama chenga mpaka baba aliponunua king'amuzi. Tulidhani ni usumbufu tu. Kumbe televisheni ya analogi ilikuwa inakalia masafa mengi kupita kiasi, na ya dijitali inabana stesheni kadhaa mahali palipokuwa na moja. Masafa yaliyobaki wazi, yale ya megahezi 700, TCRA iliyapiga mnada kwa kampuni za simu. Na masafa ya chini namna hiyo yanasafiri mbali na yanapenya kuta kuliko ya megahezi 1,800 au 2,600. Kwa hiyo yanafaa sana kijijini. Mjini uwezo mkubwa unatoka kwa yale ya juu, yasiyofika mbali, maana kutofika mbali ndiko kunakoruhusu seli kuwa ndogo.

Najua mtu atauliza, si kampuni ilete mnara mwingine hapa chuoni? Itakuwa vizuri, na Serikali ya Wanafunzi inaweza kuomba. Lakini hata seli ikikatwa mara mbili, watu 600 kubonyeza sekunde moja bado ni tatizo. Dawa iliyo mikononi mwetu ni rahisi zaidi. Kwizi ifunguliwe kwa makundi, watu 60 kila baada ya robo saa, kwa maswali yaliyochanganywa. Au maswali yote 20 yapakuliwe kwa pamoja kabla ya saa kuanza kuhesabu, na michoro ipunguzwe ukubwa. Mchoro wa pembetatu hauhitaji megabaiti 2. Au turudi kwenye karatasi, ambazo hazina seli.

Nimeichora hesabu hii kwenye karatasi moja ya A4, sega la nyuki upande huu na mgawanyo wa 250 upande wa pili. CR anaipeleka idarani Jumatatu saa 3:00. Ameniomba niende naye iwapo mwalimu atauliza tena kuhusu vijiti, na nimekubali, ingawa saa hiyo nina semina. Wenye picha za kioo za siku ile, zinazoonesha saa pamoja na kile kiduara kinachozunguka, mtumieni CR kabla ya Jumapili usiku. Tafadhali msizitume wote saa moja.